Ndege mbili zinaporuka ubavu kwa ubavu: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha fizikia shule ya sekondari, na nyumba yangu iko Magongo, karibu na uwanja wa ndege wa Mombasa, mahali ambapo ndege ikipaa watu hunyamaza kidogo mpaka ipite, ndipo waendelee na maneno yao. Kwa hiyo naulizwa sana mambo ya ndege. Wanaouliza ni wanafunzi, ni majirani, na siku hizi zaidi ni watu waliorudi kutoka Umra au Dubai, waliochungulia dirishani wakati wa kuruka wakaona ndege nyingine nayo inakimbia upande wa pili. Wengine wamerudi na hofu ya kweli. Nimeyaweka majibu hapa ili mwenye swali asome kwa utulivu wake, na amsomee mama yake pia.

Tulipokuwa tunaruka Jeddah tuliona ndege nyingine inaruka sambamba nasi. Je, tuliponea chupuchupu?

Hapana, mama. Ulichokiona kilipangwa kabla hata hujafunga mkanda. Uwanja wa Jeddah una njia tatu za kurukia zilizolala sambamba, na viwanja vya namna hiyo vinaruhusiwa kurusha ndege mbili kwa wakati mmoja iwapo masharti yametimia. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linataka mambo manne kwa pamoja. Mistari ya katikati ya njia hizo mbili iwe mbali kwa mita 760 au zaidi. Ndege zianze kuachana mara tu baada ya kuruka, kwa pembe isiyopungua digrii 15. Rada, au mtambo mwingine wa kazi hiyo, uweze kuitambua kila ndege kabla haijafika maili 1 ya baharini kutoka mwisho wa njia, yaani kilomita 1.9. Na mnara uwe na utaratibu unaohakikisha kwamba kuachana huko kunatokea kweli. Likikosekana hata moja, ndege ya pili inasubiri chini.

Watu wengi huishika ile mita 760 wakadhani ndiyo kinga. Mimi nasema kinga hasa ni ile pembe. Ndege mbili zikiendelea sambamba angani, hata zikiwa mbali kwa mita 760, kosa dogo la mmoja latosha kuzisogeza pamoja. Lakini zikishapeana visogo, kila sekunde inayopita inaongeza nafasi baina yao, hata kama kwa sekunde hiyo hakuna mtu anayefanya lolote.

Pembe ya digrii 15 inaleta nafasi kiasi gani? Tufanyie hesabu, mwalimu.

Hili ndilo swali nilipendalo, kwa sababu kila mwenye kikokotoo anaweza kujihakikishia mwenyewe.

Chora mistari miwili iliyoanza mbali kwa mita 760. Mmoja unakwenda moja kwa moja, wa pili unakata nje kwa digrii 15. Tanjenti ya 15 ni 0.268. Maana yake ni kwamba kwa kila kilomita moja ya kwenda mbele, nafasi inaongezeka kwa mita 268. Baada ya kilomita 5 ndege hizo ziko mbali kwa mita 2,100. Zikifika kilomita 18 hivi, nafasi ni kilomita 5.6, ambayo ni maili 3 za baharini. Hicho ndicho kipimo kidogo kinachotumiwa sana na waongoza ndege wenye rada katika maeneo ya viwanja. Kipimo cha kawaida cha rada ni maili 5. Nchi nyingi haziruhusu ndege iliyo chini ya futi 10,000 kupita kilomita 463 kwa saa. Kwa mwendo huo, kilomita 18 ni dakika mbili na ziada, na kwa kuwa mwanzoni ndege huwa bado haijachanganya kasi, tuseme dakika tatu.

Hapo mwanafunzi mkali huinua mkono: basi kwa dakika hizo tatu ndege zilikuwa chini ya maili 3, mbona zimeruhusiwa? Swali zuri. Kipimo cha maili 3 ni cha ndege zinazoweza kufikiana: moja inaifuata nyingine, au zinakuja kukutana. Kinampa mwongoza ndege muda wa kuona kosa, kusema, na rubani kugeuka. Ndege zinazoachana hazina mahali pa kukutana. Matatu mbili zikitoka mzunguko wa Makupa, moja ikashika njia ya Changamwe na moja ikaelekea Buxton, hakuna dereva anayepima nafasi kati yake na mwenzake. Wameshaachana.

Siku hizi ndege nyingi hufuata njia za angani kwa vifaa vya usahihi mkubwa, hasa vya setilaiti, badala ya rubani kushika mwelekeo wa dira tu. Ndege zote mbili zikiruka hivyo, ICAO inakubali pembe ipungue hadi digrii 10, ila kona ianze kabla ya maili 2 kutoka mwisho wa njia. Kwa digrii 10 kila kilomita inaongeza mita 176 tu. Naona ni haki kuruhusu hivyo, maana ndege ya aina hiyo haipepesuki na upepo ikaacha mstari wake. Lakini sharti la kona ya mapema ndilo linaloishikilia ruhusa nzima, na anayelisoma haraka hulipita.

Sisi Mombasa tunazo njia sambamba?

Hatuna. Uwanja wa Moi una njia mbili, na hazilali pamoja. Kubwa inaitwa 03/21, ina urefu wa mita 3,350, ndiyo inayobeba ndege zote kubwa. Ndogo ni 15/33, mita 1,260, ya ndege ndogo. Namba hizo ni mwelekeo wa dira uliokatwa sifuri ya mwisho: 03 ni digrii 30, yaani kaskazini-mashariki kidogo, na 21 ni digrii 210, upande wa pili wa njia ileile.

Hapa niseme jambo moja ambalo wazee wa majahazi wangelielewa bila mwalimu. Ndege hupenda kuruka ikiupa upepo uso, kwa sababu upepo unasaidia mbawa na njia inayohitajika inakuwa fupi. Sasa angalia: kaskazi inavuma kutoka kaskazini-mashariki kati ya Desemba na Machi, kusi inafuata kuanzia Aprili ikitoka upande wa kusini. Njia yetu kubwa imelala sawasawa kwa pepo hizo. Wakati wa kaskazi, ndege zinaruka kuelekea 03. Wakati wa kusi, kuelekea 21, upande wa maji ya Port Reitz. Pepo zilizoleta majahazi kutoka Uarabuni na kuyarudisha ndizo zinazoamua ndege ipite juu ya paa la nani.

Njia zikiwa sambamba, namba huwa moja, ndipo huongezwa herufi: L ni ya kushoto, R ya kulia, C ya katikati, kwa mtazamo wa anayeruka. Jirani wa karibu mwenye jozi hiyo ni Addis Ababa, 07L na 07R. Johannesburg wana 03L na 03R, namba ileile ya Mombasa ila wao wanazo mbili. Nairobi, uwanja wa Jomo Kenyatta una njia moja tu.

Mbona nimesoma kwamba kutua pamoja kunahitaji nafasi kubwa kuliko kuruka pamoja?

Umesoma sawa. Kwa kutua sambamba bila ndege moja kuitegemea nyingine, kipimo cha ICAO ni mita 1,035, wakati kuruka ni 760. Sababu ni ileile ya kuachana, safari hii imegeuzwa. Ndege zinazokuja kutua zinatoka pande mbalimbali, halafu zinageuka ndani, kila moja ikitafuta mstari wake. Ikipitiliza kona yake inaingia moja kwa moja kwenye mstari wa mwenzake. Kisha zinakwenda pamoja kwa kilomita nyingi, sambamba, bila pembe yoyote ya kuzikinga. Ndiyo maana katikati yao huwekwa ukanda wa hatari wenye upana usiopungua mita 610, na mwongoza ndege anakaa macho juu ya ukanda huo tu. Ndege ikiuingia, ya upande wa pili inaondolewa mara moja. Kuruka ni tendo la kutawanyika. Kutua ni tendo la kukusanyika, na kukusanyika kuna hatari zaidi.

Na ule upepo unaoachwa na ndege kubwa? Jirani yangu baharia anasema huo ndio wa kuogopwa.

Jirani yako ana akili ya bahari. Simama Likoni utazame feri ikipita karibu na ngalawa ya mvuvi. Feri haijaigusa ngalawa, lakini baada ya muda ngalawa inaanza kuyumba. Ndege nayo inaacha kitu nyuma. Hewa ya chini ya bawa ina msukumo mkubwa kuliko ya juu, kwa hiyo kwenye ncha ya bawa inapinda kupanda juu, na inabaki nyuma ikizunguka kama kisulisuli. Bawa la kushoto lina chake, la kulia lina chake. Vinaanza pale ndege inapoinua pua kuacha ardhi, na ndege nzito ikienda polepole, kama wakati wa kuruka, vinakuwa vikali zaidi. Havionekani.

Visulisuli hivyo huzama chini taratibu, na vikifika karibu na ardhi hutambaa kwenda pembeni, kila kimoja upande wake. Hapo ndipo suala la njia sambamba linapokuwa gumu. Upepo mwepesi wa kukata njia unaweza kukishikilia kile cha upande wa goshini, yaani upepo unakotoka, kikabaki palepale juu ya njia, na kile cha demani, upepo unakokwenda, ukakisukuma hadi njia ya jirani. Piga hesabu: upepo wa kukata wa mita 5 kwa sekunde unakifikisha kisulisuli mita 400 kwa sekunde 80. Upepo mkali hukivunja mapema. Ni ule wa kiasi unaohitaji tahadhari.

Ndege zimegawanywa kwa uzito wa juu unaoruhusiwa wakati wa kuruka. Kilo 136,000 au zaidi ni nzito, kama Boeing 787. Kuanzia hapo kushuka hadi kilo 7,000 ni za kati: Boeing 737 imo, na hata Dash 8 za safari za Nairobi na Mombasa. Kilo 7,000 kushuka chini ni nyepesi, kama Cessna Caravan zinazopeleka watalii mbugani. Airbus A380 imepewa daraja lake peke yake, juu ya zote. Ya kati au nyepesi ikiruka nyuma ya nzito husubiri dakika 2. Ikiwa hairukii mwanzo wa njia bali inaingilia katikati, ni dakika 3, kwa sababu itapaa mbele ya pale nzito ilipoinukia. Nyuma ya A380, ya kati na nyepesi husubiri dakika 3 hata zikirukia mwanzo wa njia.

Na hapa mita 760 inarudi. Njia sambamba zikiwa karibu kuliko hapo, kwa hesabu ya visulisuli zinachukuliwa kama njia moja. Mzito akiruka kushoto, mwepesi wa kulia anasubiri dakika zilezile.

Wanaouliza kama hatari hii ni ya kweli huwa nawakumbusha New York, tarehe 12 Novemba 2001. Airbus A300 iliruka nyuma ya Boeing 747, ikakutana na hewa iliyovurugwa, na rubani msaidizi akakanyaga usukani wa mkia kwa nguvu, kulia na kushoto, mara kadhaa, hadi mkia ukavunjika. Watu 265 walikufa, watano kati yao wakiwa ardhini. Uchunguzi uliona kwamba kilichovunja mkia ni ule ukanyagaji. Hewa peke yake isingeuvunja. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba kutenganisha ndege si kuzuia mgongano tu. Ni kumpunguzia rubani mshtuko ambao unaweza kumfanya atende zaidi ya inavyohitajika.

Kwa hiyo Dubai, ambako njia zinaonekana karibu sana, inakuwaje?

Njia mbili za Dubai, 12L na 12R, ziko mbali kwa chini ya mita 400. Hazitimizi sharti la kurusha ndege mbili kwa uhuru kwa vyombo, yaani bila marubani kutegemea macho. Faida yake ni nyingine: moja inapokea zinazotua, nyingine inarusha, na mnara unapishanisha. San Francisco ni karibu zaidi, takriban mita 230. Ukiona ndege pale ziko karibu mpaka unawaona abiria wa upande wa pili, ujue hali ya hewa ni safi, na kuonana kwa macho ni sehemu ya utaratibu.

Ikiwa moja inaruka na nyingine inatua njia ya pili, halafu ile inayotua ikaghairi?

Hili limefikiriwa. Ndege ikighairi kutua inapaa tena, na sasa kuna mbili zinazopaa kwa pamoja ambazo hazikupangwa kupaa pamoja. Kwa hiyo ICAO inataka njia ya anayeruka na njia ya aliyeghairi ziachane kwa digrii 30 au zaidi. Kwa tanjenti hiyo ni mita 577 kwa kila kilomita moja, zaidi ya mara mbili ya kuruka kwa kawaida. Pembe ni kubwa kwa sababu tukio ni la ghafla, na rubani aliyeghairi ana kazi nyingi mikononi.

London Heathrow ndio mfano maarufu wa mtindo huu. Wana njia mbili zilizo mbali kwa mita 1,400 na zaidi, lakini kwa kawaida moja ni ya kutua na nyingine ya kuruka, na saa tisa alasiri wanabadilishana ili wakazi wa kila upande wapate nusu siku ya kupumzika kelele. Sisi wa Magongo tunaelewa thamani ya nusu siku.

Nani anaamua ndege gani iende njia ya kushoto na ipi ya kulia?

Waongoza ndege, na huangalia ndege inakwenda wapi. Inayokwenda upande wa kushoto wa uwanja hupewa njia ya kushoto, ya kulia hupewa kulia, ili zisije zikakatana baada ya kuruka. Rubani anapewa njia ya angani, kimo cha kwanza cha kukomea na namba ya transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwa rada) akiwa bado kwenye maegesho, na lazima ayarudie yote redioni neno kwa neno. Kila njia inaweza kuwa na mwongoza ndege wake na masafa yake ya redio, basi hao wawili nao lazima wawe wanaelewana. Kona ya kushoto inatoka kushoto. Hakuna kukatisha mbele ya mwenzako.

Rubani anaweza kukosea akaingia njia isiyo yake?

Imetokea, na walikufa watu. Usiku wa tarehe 31 Oktoba 2000, Taipei, mvua na upepo wa tufani, ndege ya Singapore Airlines nambari 006, Boeing 747, iliruhusiwa kuruka kutoka 05L. Iliingia 05R, ambayo sehemu yake ilikuwa imefungwa kwa ujenzi. Ikiwa katika mbio ilivamia mitambo ya ujenzi. Kati ya watu 179 waliokuwamo, 83 walikufa.

Fikiria sana kwa nini kosa hili ni la njia sambamba hasa. Rubani akiingia njia yenye mwelekeo mwingine, dira inamshitaki: anatarajia 50, anaona 140. Lakini 05L na 05R zinasoma dira moja. Kila kitu mbele yake kinaonekana sawa. Kinachomwambia ni ile herufi moja tu kwenye kibao, na taa za njia, na kifaa cha ramani ndani ya chumba cha rubani. Ndiyo maana vibao vya kuingilia njia ni vyekundu vyenye maandishi meupe, herufi hutamkwa kwa ukamilifu redioni, na marubani wanaojiheshimu hutazama kibao wote wawili na kukitaja kwa sauti kabla ya kuingia. Wanafunzi wangu hudhani usalama wa ndege ni mitambo ya ajabu. Sehemu yake kubwa ni watu wawili kusoma kibao kimoja pamoja.

Kwa nini redioni maneno yanachaguliwa kwa makini hivyo?

Kwa sababu ya Tenerife, tarehe 27 Machi 1977. Ukungu, njia moja, Boeing 747 mbili. Ndege ya KLM ilikuwa imepewa maelezo ya njia ya angani, na ndani ya maelezo hayo mlikuwamo neno la kuruka. Haikuwa ruhusa ya kuruka, lakini nahodha alianza mbio. Walikufa watu 583, na hadi leo hakuna ajali ya ndege kwa ndege iliyoua wengi zaidi. Tangu hapo neno lenyewe la kuruka limefungiwa: mnara hulitamka pale tu unapotoa ruhusa ya kuruka au kuifuta. Pengine pote hutumika neno la kuondoka. Penye njia mbili sambamba zenye ndege mbili zinazosubiri pamoja, tofauti hiyo ya neno moja ina uzito maradufu.

Kuna kile kifaa cha TCAS kinachoonya ndege zisigongane. Hakitoshi?

Hakitoshi, hasa hapa. TCAS haitoi amri ya kupanda au kushuka ndege ikiwa chini ya futi 1,000 hivi kutoka ardhini, maana ikiamuru kushuka wakati huo itaipeleka ndege chini kabisa. Kwa hiyo katika nusu dakika ya mwanzo baada ya kuruka, wakati ndege mbili ziko karibu kuliko zitakavyokuwa tena safarini, kifaa hicho kimenyamaza. Kinachozilinda ni mpango uliofanywa chini: pembe, kimo, na herufi ya njia.

Injini moja ikizimika wakati wa kuruka, kona itakatwa?

Huenda isikatwe. Ndege yenye injini moja inapanda taratibu, na rubani anaweza kuamua kwenda moja kwa moja, au kufuata njia maalumu ya dharura iliyotayarishwa na shirika lake kwa uwanja huo. Kwanza anaimiliki ndege, halafu ndipo anasema redioni. Mwongoza ndege anayemwona kwenye rada hageuki nje kama ilivyotarajiwa hasubiri maelezo: anamgeuza yule wa njia ya pili, ambaye injini zake ni nzima, na anazuia wanaofuata. Hiyo ndiyo kazi ya lile sharti la rada ndani ya maili 1. Bila kuona mapema, kona isiyokatwa ingegunduliwa kwa kuchelewa.

Basi kwetu, kwenye njia moja, ndege zinatenganishwaje?

Kwa zamu na kwa dakika. Ndege ya pili kwa kawaida haianzi mbio mpaka ya kwanza ipite mwisho wa njia au ianze kona. Zikiwa zitaachana kwa digrii 45 au zaidi mara baada ya kuruka, dakika 1 yatosha. Zikifuata njia moja na ya mbele ina kasi zaidi kwa kilomita 74 kwa saa au kupita, ni dakika 2. Juu ya hayo zinaongezwa dakika za visulisuli nilizozitaja. Ndiyo sababu utakaa kwenye Dash 8 ukingoni mwa njia, ndege kubwa ya watalii imeshaondoka, na yenu bado imesimama. Hakuna kilichoharibika.

Kwa maoni yako, Mombasa ijengewe njia ya pili sambamba?

Njia ya kurushia ndege mbili kwa uhuru inataka mita 760 za upana, pamoja na ardhi ya pembeni yake. Tazama Port Reitz, tazama Magongo na Changamwe, uniambie watu hao wataenda wapi. Kwa idadi ya ndege tulizonazo sioni haja hiyo.

Ninachokiona cha maana ni njia ya akiba. Ndege ikipasuka gurudumu ikasimama katikati ya 03/21, ile ya mita 1,260 haiwezi kupokea ndege kubwa, na mji mzima wa utalii na bandari unabaki na mlango mmoja uliofungwa. London Gatwick kwa miaka mingi wamekuwa na njia ya pili sambamba, karibu mita 200 kutoka ile kuu, wakiitumia ile kuu inapofungwa. Jozi ya namna hiyo hairushi ndege mbili kwa uhuru, lakini inauweka uwanja hai. Kama siku moja kutakuwa na fedha na mjadala, ningependa mjadala uanzie hapo.

Binti yangu anataka kuwa mwongoza ndege. Aanzie wapi?

Asishike fizikia na hisabati tu, ashike na Kiingereza cha kusema, maana ICAO inadai kiwango cha 4 cha lugha kwa anayeongea redioni. Leseni haitolewi kabla ya miaka 21, na kuna uchunguzi wa afya. Nchini Kenya huduma ya kuongoza ndege iko chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, na mafunzo hutolewa katika chuo chake cha usafiri wa anga kilichopo Embakasi, Nairobi. Nafasi zikitangazwa, asichelewe.

Safari ijayo nataka kuona ndege hizo zikiachana. Nikae dirisha lipi?

Soma kile kibao chekundu ndege yako inapoingia njiani. Kikiwa na herufi L upande wa mwelekeo mnaorukia, njia ya pili iko kulia kwako, na kinyume chake. Mkishapaa, usiangalie ardhi. Itafute ile nyingine, na utaiona ikiinamisha bawa kwenda nje muda mfupi baada ya magurudumu yake kuingia tumboni, na tumbo la ndege yenu nalo utalihisi likilalia upande wa pili.